Ukifuta daftari hujafuta ploti

Wasee, niliandika neno moja tu, herufi tano: `clean`. Nikagonga Enter. Kompyuta haikuniuliza kama nina uhakika. Haikuniuliza kitu. Baada ya sekunde mbili hivi ikaniambia imefaulu kusafisha diski, na mimi nikafurahi kama mjinga, hadi macho yangu yakaangukia flashi yangu ya GB 16. Taa yake ilikuwa imetulia. Taa iliyokuwa inametameta ni ya diski ya nje, ile ya TB 1, yenye kila kitu nimewahi kurekodi tangu niache chuo mwaka wa pili.

Vile ilifanyika ni aibu, lakini wacha niseme. Msee wa ploti yetu alikuwa ameniletea laptopu niiwekee Windows upya, mia tano. Nikafungua `diskpart` kwa laptopu yangu ili nitengeneze flashi ya kazi hiyo, nikaandika `list disk`, nikasoma vizuri: diski 0 ni ya laptopu, diski 1 ni flashi, diski 2 ni ile ya nje. Halafu stima ikapotea. Betri ya laptopu yangu ni ya kujaza nafasi tu, kwa hivyo ikazima hapo hapo. Stima iliporudi nikawasha na kuendelea pale nilikuwa nimeachia: `select disk 1`. Sikurudia kusoma orodha. Kumbe baada ya kuwaka upya namba zilikuwa zimebadilishana.

Kwa hiyo diski kulikuwa na video za miaka mitatu, ambazo nyingi, kusema ukweli, hazingelilia na mtu. Lakini kulikuwa na moja ya dakika 47: shosho amekaa nje ya nyumba yake Soweto, ile ya Kayole, akinielezea vile walifika hapa. Nilimrekodi 2021. Mwaka uliofuata akaenda. Simu niliyomrekodia ilinyakuliwa steji ya Masimba. Nakala ilikuwa moja, na nilikuwa nimeisafisha kwa mafanikio.

Nataka kuandika historia ya kile kitu nilifuta, maana usiku huo nilijua kwamba sikufuta video. Nilifuta karatasi inayosema video ziko wapi. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na kwa hizi kompyuta zetu vilitenganishwa huko Marekani mwaka 1983, kabla mathe wangu hajaingia shule ya msingi.

Lakini nianze na shosho, ju yeye alinielezea hii mambo kabla ya kompyuta.

Shosho alikuwa anaishi Muoroto, kijiji cha mabanda kilichokuwa karibu na steji ya mabasi ya Machakos, upande wa Landhies Road. Mei 1990 kikabomolewa, watu wakapambana na askari, na hadi leo ukitaja Muoroto kwa mzee wa Nairobi ananyamaza kwanza. Novemba mwaka huo huo wakabomoa Kibagare, kule karibu na Loresho. Baadhi ya watu wa hizo sehemu waliletwa Kayole, pande hii ikaja kuitwa Soweto. Kayole yenyewe ilikuwa ishaanza kugawanywa ploti kwa ule mpango wa Benki ya Dunia ambao Nairobi ulianzia Dandora miaka ya 1970: unapewa kipande kilichopimwa, barabara na maji, nyumba unajijengea.

Vile shosho alisema, hakukuwa na ua wala ukuta. Kulikuwa na uwanja, mawe ya bikoni kwenye pembe, na mtu amekaa na daftari. Ukiulizwa unakaa wapi huonyeshi ardhi kwa kidole, unataja namba. Sasa kulikuwa na jirani yake alienda ocha kuzika. Kurudi, namba yake imeandikwa jina lingine. "Ploti ilikuwa pale pale," shosho anasema kwa video. "Hata sukuma wiki yake ilikuwa bado. Ni daftari ilibadilishwa."

Basi shika hiyo picha, maana diski iko hivyo hivyo.

Diski mpya ni uwanja. Imepimwa vipande vidogo vinavyoitwa sekta, na kwa miaka mingi kila sekta ilikuwa baiti 512. Sekta ya kwanza kabisa, namba 0, ndiyo yule mtu amekaa na daftari. Kati ya hizo baiti 512, 446 ni kaprogramu kadogo ka kuamsha kompyuta. Mbili za mwisho ni muhuri, unaosomeka 55 AA. Muhuri ukikosekana, kompyuta inasema hapa hakuna kitu. Katikati zinabaki baiti 64, na hizo ndizo jedwali la patisheni. Ni mistari minne, kila mmoja baiti 16. Mstari unasema patisheni inaanza sekta gani, ina sekta ngapi, ni ya aina gani (07 ni ya Windows, 83 ni ya Linux), na kama ndiyo ya kuwashia mashine. Hakuna kingine. Diski nzima ya terabaiti, na mipaka yake yote imeandikwa kwa nafasi ndogo kuliko SMS moja.

Mimi nilipojua hiyo niliskia baridi. Baiti 64!

Sasa kwa nini mistari minne? Hapo ndipo historia inaingia.

Diski ya kwanza ya kuuzwa ilitoka IBM mwaka 1956, kwa mashine iliyoitwa 305 RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, mashine ikiwa na uzani wa zaidi ya tani, na ilibeba herufi milioni 5. Hiyo leo ni wimbo mmoja kwa simu yako. Nitaruka hapo haraka, ju hizo mashine hazikuwa za watu kama sisi. Kompyuta ya mezani ya IBM ilikuja 1981, na haikuwa na diski ya ndani. Ilikuwa na flopi: ya kwanza ikaitwa A, ya pili B. Ndiyo maana hadi leo Windows yako inaanzia C na hujawahi kuona A wala B. Hizo herufi mbili zinangoja flopi ambazo wengi wenu mnazijua tu kama alama ya kuhifadhi faili.

Machi 1983 IBM wakatoa kompyuta ya XT, bei dola 4,995, ndani ikiwa na diski ya MB 10. Picha tatu nne za simu yako zimeijaza. Ilikuja na DOS 2.0, na ndani ya DOS hiyo kulikuwa na programu inaitwa FDISK. Hiyo ndiyo babu wa `diskpart` niliyoandika hapa. Ndiyo ilileta lile daftari la mistari minne.

Na sababu ya kuwa minne inanifurahisha sana. Mwaka 1983 hakuna mtu alijua ni mfumo gani utatawala. Kulikuwa na DOS ya Microsoft. Kulikuwa na CP/M-86 ya kampuni ya Gary Kildall, ambaye kabla ya hapo CP/M yake ndiyo ilikuwa baba yao. Kulikuwa na p-System kutoka Chuo Kikuu cha California, San Diego. Zote ziliuzwa kwa mwenye IBM. Kwa hivyo daftari lilitengenezwa kama makubaliano ya majirani: kila mfumo uchukue kipande chake, uandikwe kwa mstari wake, na usiguse cha mwenzako. Wenye kuandika daftari waliwaza majirani wanne wanatosha kabisa. Microsoft akashinda wote, wengine wakahama, lakini daftari likabaki na mistari minne kwa diski za PC dunia nzima kwa zaidi ya miaka 20.

Halafu uwanja ukakua. DOS ya wakati huo iliweza kuhesabu sekta 65,536 tu kwa patisheni moja. Zidisha kwa 512, unapata MB 32. Mtu akinunua diski ya MB 80, sehemu kubwa inakaa bure, labda aikate vipande. Mwaka 1987 DOS 3.3 ikaleta ujanja: mstari mmoja kati ya ile minne unaweza kusema, "hii si patisheni moja, ingia ndani kuna daftari lingine." Mtu wa Kayole hahitaji kuchorewa hiyo. Kwa rejista ya ardhi ni ploti moja. Kwenda kuangalia, ni ghorofa sita na milango 48, na keyateka ana daftari lake. Hapo ndipo D, E na F zilizaliwa.

Ukomo mwingine ulikuwa terabaiti 2 na kidogo, ju nafasi ya kuandika namba ya sekta kwa ule mstari haikutosha zaidi ya hapo. Intel wakaleta daftari jipya linaitwa GPT, mistari 128 kwa kawaida, na nakala mbili: moja mwanzo wa diski, moja mwisho kabisa, ili moja ikiharibika ingine iseme ukweli. Laptopu zenu za sasa nyingi zinatumia hilo. Yangu ya nje ilikuwa bado ya zamani, daftari moja, mahali pamoja, sekta 0. Hata ingekuwa GPT, `clean` inajua kuna nakala mwisho wa diski na inafuta huko pia. Walifikiria kila kitu.

Mbona amri haikuniuliza basi? Nimeona watu wakilalamika kwamba mstari wa amri ni katili. Kwa Linux kuna amri `dd`, inayonakili sekta moja baada ya nyingine kutoka hapa hadi pale, na ukikosea kutaja "hapa" na "pale" inamwaga uchafu juu ya kazi yako bila kukohoa. Mafundi wameipa jina la utani la mharibu-diski. Mimi sikubali hayo malalamiko, na nasema hivyo nikiwa nimeumia. Amri hizi zilitoka kwa watu waliodhani anayeandika amesoma kwanza. `list disk` iko. `lsblk` iko kwa Linux, inakuonyesha diski zote na ukubwa wao kama mti. Zinachukua sekunde moja. Mimi ndiye nilisoma orodha ya kabla ya stima kupotea nikafanyia kazi baada ya stima kurudi. Na ile njia ya kubofya ungepewa kidirisha cha "una uhakika?", ungebofya ndiyo, kama vile wote hubofya ndiyo.

Hii elimu ilifikaje Kayole? Haikupitia darasani, hilo najua, angalau si kwangu.

Amri yangu ya kwanza maishani niliijifunza kwa saiba karibu na Spine Road nikiwa fomu mbili. Kulikuwa na virusi vya flashi vilivyokuwa vinaficha folda zote na kuacha njia za mkato za uongo. Mwanafunzi wa chuo anakuja analia, kazi yake imepotea, anakabidhi kesho. Mwenye saiba anafungua kile kidirisha cheusi, anaandika `attrib -h -r -s /s /d F:\*.*`, anagonga Enter, na folda zinarudi. Hamsini bob. Nilimwona akifanya hivyo mara kama 20 kabla nielewe kwamba folda hazikuwa zimeenda popote. Zilikuwa zimeandikwa "fiche", na amri ilifuta hilo neno tu. Alikuwa analipwa kusahihisha daftari.

Halafu kulikuwa na vibanda vya muvi. Kabla WiFi ya mtaa ishuke bei, ulikuwa unabeba flashi, unasoma orodha ukutani, unajaziwa muvi za DJ Afro na vipindi vya Korea, unalipa kwa kipande. Utajiri wa kile kibanda haukuwa kompyuta, ilikuwa diski. Na kila kompyuta mtaani ilikuwa imegawanywa vile vile: C ya Windows, D ya mali. Ukiuliza fundi kwa nini, anakwambia C inakufa. Virusi vikiingia, C inafutwa, Windows inawekwa upya, na D haiguswi. Yaani ujanja uliotokana na upungufu wa DOS ya 1987 uligeuka kwetu kuwa bima. Naupenda huo ugeuzi kuliko kitu kingine chochote kwa hii hadithi, ju hakuna mtu alitufundisha, tulihitaji tu.

Mashine zenyewe zilikuja kama nguo: mitumba. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianza 2002, likikusanya kompyuta zilizotumika, kuzirekebisha na kuzipeleka shuleni. Wafanyabiashara nao wakajaza Moi Avenue na laptopu za "ex-UK", na hiyo ndiyo njia wengi wetu tulipata mashine ya kwanza. Yangu ni ex-UK. Kampuni ya Ulaya inafunga hesabu zake, mashine inapakiwa kontena, inashuka Mombasa, inafika kwa kioo cha duka na stika ya bei.

Kidogo tu kuhusu lugha, halafu nirudi kwa diski. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Watu walikaa chini wakatafuta maneno. Mwaka huo huo Ubuntu ilianza, ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa ukiomba walikutumia CD kwa posta bure. Njia zote mbili zilikuwa wazi kwetu, na sisi tukabaki na Windows ya kunakili na maneno ya Kiingereza ambayo fundi mwenyewe hawezi kueleza. Ningeambiwa nikiwa fomu mbili kwamba patisheni ni ploti na jedwali lake ni rejista, ningeelewa siku hiyo hiyo.

Sasa sehemu inayoninyima usingizi.

Kama kufuta daftari hakufuti ploti, basi hizo diski za mitumba zilikuja na nini ndani? Watafiti wawili wa Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizotumika na kuchapisha matokeo 2003. Diski 129 zilikuwa bado zinafanya kazi. Zilizokuwa zimesafishwa sawasawa zilikuwa 12. Kwa zingine walipata namba za kadi za benki kwa maelfu, barua za watu, mambo ya hospitali. Mwaka 2009 wanahabari wa kipindi cha Frontline cha Marekani waliingia soko la Ghana, wakanunua diski kwa dola 40, na ndani yake kulikuwa na hati za mikataba ya Northrop Grumman, kampuni inayotengenezea jeshi la Marekani silaha. Wenye diski walidhani wamefuta.

Mimi nilijaribu kwa yangu. Kuna programu ya bure, TestDisk, iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier kuanzia 1998, na ndugu yake PhotoRec. PhotoRec haisomi daftari kabisa. Inatembea uwanjani sekta kwa sekta ikitafuta alama za mwanzo wa picha na hati. Niliiachilia kwa laptopu yangu ex-UK, ambayo niliinunua "mpya kabisa, imeformatiwa". Baada ya saa mbili nilikuwa na ripoti za wanafunzi wa shule ya msingi huko Uingereza, majina kamili, nani ana shida ya kusoma, nani wazazi wake wameachana. Na picha nyingi za mbwa mmoja. Nilifunga. Nikahamisha vitu vyangu, nikawasha Linux kutoka kwa flashi, nikaandika `lsblk`, nikaisoma mara tatu, kisha `dd if=/dev/zero of=/dev/sda`, ambayo inamwaga sifuri kwa kila sekta mwanzo hadi mwisho. Kwa Windows ni `clean all`, si `clean`. Hilo neno moja la ziada ndilo tofauti kati ya kubadilisha daftari na kulima shamba lote. Inachukua masaa. Ikichukua sekunde mbili, haijafuta.

(Kwa SSD mambo ni tofauti kidogo. Zenyewe hujisafisha vipande vilivyofutwa, kwa hivyo ukifuta kwa bahati mbaya unaweza kukosa kabisa, na kumwaga sifuri si dawa ya uhakika. Huko ni heri kufunga data yote kwa nywila tangu siku ya kwanza, ama kutumia amri ya kujifuta ambayo SSD imekuja nayo.)

Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na kamishna wake. Lakini pale kwa meza ya fundi, unapouza laptopu juu juu ju unahitaji doo, hakuna kamishna. Kuna wewe na kile unajua kuhusu neno "kuformati".

Nirudi kwa ile usiku. Jambo la kwanza nilifanya ndilo liliniokoa, na nililijua kutoka kwa mwenye saiba: sikugusa. Windows ikaanza kuniomba niandae diski upya, nikakataa. Ukipoteza daftari, adui si kupotea kwenyewe, adui ni mtu mwingine kujenga juu ya ploti. Fundi mwenye pesa angenakili diski nzima kwanza kwa `dd` na kufanyia kazi nakala. Sikuwa na diski nyingine ya TB 1. Nilikuwa na tokeni za stima zimebaki 3 na kitu.

Nikafungua TestDisk. Ni skrini nyeusi na maandishi, unatumia vishale. Nikachagua diski kwa ukubwa wake, si kwa namba. Ikaniuliza daftari lilikuwa la aina gani, nikachagua Intel, yaani lile la zamani. Kisha ikaanza kutembea. Kazi yake ni kutafuta bikoni: kila patisheni ya Windows ina sekta yake ya utambulisho pale inapoanza, na nakala ya sekta hiyo pale inapoishia. `clean` ilifuta megabaiti ya kwanza. Patisheni za siku hizi huanza baada tu ya hiyo megabaiti, sekta 2048. Kwa hivyo jiwe la bikoni lilikuwa pembeni kabisa mwa shimo, halijaguswa. Hiyo nafasi iliwekwa kwa sababu zingine kabisa, za kupanga sekta vizuri. Sikuijua. Nilikaa hapo nikiangalia namba zikipanda na mita ya stima ikishuka.

Saa tisa na nusu usiku mstari mmoja ukatokea. Mmoja tu. HPFS - NTFS, mwanzo, mwisho, ukubwa GB 931. Nikabonyeza P kuona faili, na folda zikateremka zote, majina yangu ya kijinga ya folda, halafu SHOSHO kwa herufi kubwa. Sikuthubutu kupumua. Nikachagua Write. Hii ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza Y.

Ilichoandika ni ule mstari wa baiti 16, na muhuri wake. Nikazima, nikawasha, na diski ikafunguka kama hakuna kitu kilikuwa kimefanyika.

Nilifungua video nikaipeleka katikati bila kukumbuka sauti iko juu. Shosho akaanza kuongea kwa nyumba saa kumi usiku, ile sehemu ya sukuma wiki. Mathe akatoka upande wa pili wa pazia, shuka mabegani, akasimama hapo. Hakusema kitu. Aliketi kitandani kwangu tukaitazama hadi mwisho, na tokeni zikaisha kama dakika mbili kabla, tukamalizia kwa giza asubuhi ikiingia, yeye akinielezea mwenyewe zile dakika mbili zilisema nini, maana alikuwepo siku niliporekodi.

Sasa iko sehemu tatu: kwa diski, kwa flashi ya mathe, na kwa kompyuta ya binamu yangu Umoja.

Kitu kimoja kimebaki. Nikiwa mwaka wa kwanza niliuza laptopu yangu ya kwanza ili nilipe karo, kwa msee wa Junction aliyekuwa anazinunua na kuziuza. Niliiformati haraka, ile ya sekunde chache, nikaona iko tupu, nikachukua doo. Ndani kulikuwa na picha ya kitambulisho changu pande zote mbili, fomu za kuomba mkopo wa masomo, na hati ya mshahara ya mathe. Nimemtafuta huyo msee, alishahama. Ni HP nyeusi, kona moja ya kifuniko imevunjika, na kuna alama ya gundi pale nilibandua stika ya nganya. Kama ulinunua kitu kama hicho pande za Eastlands, niandikie. Sitaki unirudishie. Nataka tukae chini dakika kumi, nikuonyeshe amri moja, tuiache ikimbie usiku kucha.